SOMO: MAHAME

Neno mahame limetokana na kuhama. Mahame ni mahali palipokaliwa na watu zamani, kisha watu hao wakahama. Sasa ni nadra mtu kufika huko.

Mahame si pori. Pori ni mahali penye miti na majani, pasipokaliwa na watu. Mahame si magofu pia. Magofu ni mabaki ya majengo. Kilwa Kisiwani kuna magofu ya misikiti na majumba ya mawe. Lakini nyumba ya miti na udongo ikianguka, haiachi gofu. Mvua huirudisha kuwa udongo.

Basi tutayajuaje mahame? Tutazame miembe mikubwa, ua wa minyaa, mafiga, vigae vya vyungu, kisima na makaburi.

Watu huhama kwa sababu ya njaa, vita, maradhi au ukosefu wa maji. Katika Tanzania, kati ya mwaka 1973 na 1976, watu wengi sana walihamishiwa katika vijiji vipya. Walikotoka pakawa mahame.

Tuseme kijana anatafuta shamba. Anaona majani marefu. Anasema, "Hili ni pori, halina mwenyewe." Anaanza kufyeka. Mara jembe lake linagonga mawe ya kaburi. Mzee anayepita anamwambia, "Mjukuu wangu, haya ni mahame. Bibi zako wamelala hapa. Tena angalia mguu wako, kisima cha zamani kimefunikwa na majani."

Kijana angeuliza kwanza, asingefanya kosa hilo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji. Mtu asijikatie shamba mwenyewe.

Sheria hiyo pia ilithibitisha ardhi waliyogawiwa watu wakati wa Operesheni Vijiji. Kwa hiyo kusema tu, "Haya ni mahame ya babu yangu," hakutoshi kumwondoa jirani aliyegawiwa shamba wakati ule.

Makaburi tuyaheshimu. Visima tuvifunike. Wazee tuwaulize wangali hai.

MASWALI
1. Neno mahame limetokana na neno gani?
2. Pori na mahame vina tofauti gani?
3. Kijana alikosea wapi?
4. Je, karibu na kijiji chenu kuna mahame? Waliokaa huko walihama kwa nini? Andika sentensi tatu.