Chekechea ndogo Kwale: mzazi atavutwa na nini?

Jina Montessori linapotajwa Ukunda au Msambweni, wazazi wengi hudhani ni shule ya watoto wa Wazungu na wenye hoteli. Dhana hiyo ndiyo kikwazo cha kwanza kwa mwalimu aliyefungua chekechea ndogo ya mtindo huo na kutaka watoto wa majirani zake. Nayo haina msingi.

Maria Montessori alikuwa daktari. Alihitimu mjini Roma mwaka 1896, na tarehe 6 Januari 1907 akafungua nyumba yake ya kwanza ya watoto katika San Lorenzo, mtaa wa vibarua. Wazazi walishinda kazini, na watoto walibaki peke yao wakichafua kuta na ngazi za majengo. Ada haikuwapo. Mzazi alitakiwa amlete mtoto akiwa ameoga na kuvaa nguo safi, na mama afike kuzungumza na mwalimu angalau mara moja kwa wiki. Mtindo unaodhaniwa kuwa wa matajiri ulianza na sharti la maji na sabuni.

Hofu ya pili ni nzito zaidi. Kwa familia nyingi za Wadigo mtoto mdogo huanza chuoni, kwa maalim wa Kurani, na mzazi huuliza kama shule hii mpya itamtoa mtoto katika dini yake. Swali hilo lilikwisha kujibiwa hapa hapa Pwani. Mapema miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu walimwomba Aga Khan msaada wa elimu ya watoto wao, na mwaka 1986 mradi wa chekechea za madrasa ukaanza Mombasa, Bi. Swafiya Said akiwa miongoni mwa waanzilishi. Mradi ulitanguliza mazungumzo na jamii. Wenyeji walichagua kamati yao, na wanawake wa mtaa huo huo ndio waliofunzwa ualimu. Vifaa vya kuchezea vilitengenezwa kwa vitu vya karibu, na mafunzo ya dini yakaenda sambamba na nyimbo, hesabu na hadithi. Mwaka 1990 mradi ulifika Zanzibar, na mwaka 1993 ukaingia Uganda. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba watoto wa chekechea hizo walikua kiakili kuliko wenzao waliobaki nyumbani.

Kwa hiyo, mwalimu wa Diani asianze na bango la barabarani. Aanze kwa kupiga hodi kwa maalim na kwa mwenyekiti wa kina mama, na apange saa zake zisigongane na za chuo.

Kisha kuna lile lalamiko: "Watoto wanacheza tu." Mzazi haridhiki kwa maelezo, huridhika kwa kuona. Mwite akae nusu saa darasani amtazame mtoto wa miaka mitatu akimimina maji kutoka kikombe hadi kikombe bila kumwaga, akifunga vifungo vya shati, au akipepeta mchele kwa ungo mdogo. Vidole vinavyofanya hivyo ndivyo vitakavyoshika kalamu. Vifaa vya bei kubwa kutoka ng'ambo si lazima. Vifuu, kome na mbegu za ubuyu hufundisha ukubwa na hesabu vizuri sana, mradi visiwe vidogo vya kumkaba koo mtoto. Bibi anayejua kusuka ukili naye ni mwalimu. Akialikwa asubuhi moja, mtaa mzima utapata habari kabla ya adhuhuri.

Lakini linalomgusa mzazi kuliko yote, kwa maoni yetu, ni afya. Katika udongo wenye unyevu wa pwani hii huishi viluwiluwi vya minyoo ya safura, ambavyo hupenya ngozi ya mguu usiovaa kiatu. Minyoo hiyo hunyonya damu, na mtoto huchoka, hupauka, hukaa pembeni. Nyumbani husemwa ni mpole. Mwalimu wa Montessori amefunzwa kumtazama kila mtoto kwa makini, basi aseme anachokiona na kumshauri mzazi ampeleke zahanati akapimwe. Ajue pia kwamba shule peke yake haitoshi. Utafiti uliofanywa Kwale kati ya mwaka 2015 na 2017 ulionyesha kwamba kuwapa dawa watu wote wa kijiji, wakubwa kwa wadogo, mara mbili kwa mwaka, kulipunguza safura kutoka asilimia 20 hivi hadi 6, wakati kuwapa watoto peke yao kulipunguza kidogo tu. Kikao cha wazazi kikizungumzia choo, viatu na kunawa mikono, baba naye atasikiliza. Mtoto anayerudi nyumbani akidai sabuni kabla ya kula huitangaza shule kuliko bango.

Limebaki la pesa. Muhula wa pili huanza karibu na mvua za masika, wakati ambapo hoteli za Diani hupunguza wafanyakazi. Kudai ada yote kwa mkupuo wakati huo ni kuwafukuza watoto. Afadhali ipokewe kidogo kidogo kila wiki kwa simu, na muhula wa watalii ubebe sehemu kubwa.

Tena mzazi aambiwe ukweli. Kwa Katiba ya mwaka 2010 elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti, na Kwale imejenga madarasa mengi ya umma tangu mwaka 2013. Wapo watakaomhamisha mtoto huko akifika miaka minne. Mwalimu asinune: amkabidhi mzazi kadi ya maendeleo ya mtoto, na amuulize kama mdogo wake amefika miaka mitatu.