Kata ya mama mkwe

Mdogo wangu, ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Mimba ina miezi mitano, umeolewa Kibosho, na kila jioni mama mkwe anakuletea kata ya mbege: "Kunywa mwanangu, inaongeza damu." Kukataa unaona haya.

Mama hana nia mbaya. Mbege ina ulezi, na ulezi ni chakula kweli. Lakini pombe nayo inapita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto, na ini lake bado changa, haliwezi kuisaga kama lako. Maji anayoogelea ndani yake yanaingiwa na pombe, naye anayameza. Bia, waini, mbege, zote ni pombe, na hakuna kipimo kinachojulikana kuwa salama.

Wengi wanaogopa mimba kuharibika tu. Kuna madhara yanayojificha mpaka shule. Mtoto mdogo wa umbo kuliko wenzake, ukimtuma chumvi na kiberiti anarudi na chumvi. Jana alijua mbili mara tatu, leo imefutika. Anachapwa kwa uvivu na utundu, kumbe ubongo uliguswa tumboni. Wachache sura huwasema: macho mafupi, mdomo wa juu mwembamba, kile kifereji cha chini ya pua kimekuwa bapa. Madaktari wa Seattle, Marekani, waliipa hali hiyo jina mwaka 1973. Wengi hawana alama yoyote usoni, na hao ndio wanaokula fimbo zaidi. (Walimu mnaonisoma, mnanisikia?)

Unaniuliza kuhusu pombe ulizokunywa kabla hujajua una mimba. Usijitese. Hakuna anayeweza kukuambia zimefanya nini au hazikufanya. Ila ubongo wa mtoto unajengwa miezi yote tisa, kwa hiyo kuacha leo kuna faida. Mweleze nesi ukweli wote. Na kama yuko dada anayesoma hapa ambaye asipokunywa mikono inatetemeka, asiache ghafla peke yake, aende hospitali asaidiwe.

Sasa mama mkwe. Usibishane naye. Kliniki ijayo mwombe akusindikize, nesi amwambie mwenyewe kwamba damu inaongezwa na vidonge vile vya madini ya chuma, maharage na mboga za majani. Mkirudi, mwombe akupikie uji wa ulezi. Hata akikupa kwenye kata ileile, pokea.