Gari mlimani: je, jiwe linatosha?

Swali: Mimi ni shofa wa mizigo. Tukiegesha mlimani, wenzangu huweka jiwe tu nyuma ya gurudumu. Inatosha? (Msomaji, Omate)

Jibu: Ndugu, jiwe ni zuri ila lisiachiwe kazi yote. Wala usitegemee breki ya mkono pekee: kebo yake, ikilegea au ikiingiwa na tope, haishiki sawasawa. Zungusha magurudumu ya mbele yaelekee ukingo wa mlima, kamwe si korongoni. Gari likiponyoka litagota udongo. Kisha zima injini, liache kwenye gia: ya kwanza likitazama juu, ya nyuma likitazama chini.

Jiwe nalo huwekwa upande ambao gari lingeteremkia. Gari likitazama chini, basi ni mbele ya gurudumu. Chagua jiwe lenye pembe, si la mviringo la mtoni, liguse tairi kabisa. Kabari ya mti mgumu ni bora zaidi.

Kinachoniumiza ni mawe yanayoachwa barabarani. Mwenye pikipiki akija usiku na abiria wake hayaoni, na watu wanaumia bure. Kabla ya kuondoka, kanyaga breki ya mguu, konvoyeri ayatoe yote akiwa amesimama kando, si nyuma wala mbele ya gari.