Siku za Likizo Ni Deni: Zihesabu, Ziombe, Zitumie

Katika somo hili twataka kueleza jambo ambalo watu wengi wa kazi katika Nakuru, Naivasha, Njoro na Molo hulijua kwa jina tu, nalo ni likizo ya mwaka yenye malipo, ambayo wengi huiita livu. Wako wafanyakazi ambao siku zao za likizo hupita bila kutumiwa. Mmoja huogopa kuomba, asije akaonekana mvivu. Mwingine huziacha zirundikane, akidhani ya kuwa ni akiba isiyooza. Wote wawili hukosea.

Kwanza yafaa tukumbuke hali ilivyokuwa. Kwa sheria ya mwaka 1918, maskwota wa mashamba ya walowezi walitakiwa kumfanyia mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kila mwaka. Kibarua wa tikiti naye alihesabiwa siku 30 za kazi, na siku asiyofanya kazi haikuandikwa katika tikiti wala haikulipwa. Kwa mtu wa namna hiyo, kupumzika kulikuwa hasara. Mwaka 1936 Shirika la Kazi Duniani lilitoa mkataba wa kwanza wa likizo yenye malipo; mkataba mpya ukafuata mwaka 1970, na Kenya ikaukubali mwaka 1979.

Leo jambo hili limo katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Sheria hiyo yasema ya kuwa mtu akiisha kutumika miezi 12 mfululizo, apewe likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili. Angalia neno hili, "siku za kazi": siku ya mapumziko ya kila juma haihesabiwi ndani yake. Likizo ya ugonjwa nayo ina kifungu chake, na likizo ya uzazi vilevile; mama aliyejifungua hapotezi likizo yake ya mwaka.

Hesabu yake ni nyepesi. Siku 21 ukizigawanya kwa miezi 12, kila mwezi wapata siku moja na robo tatu. Mtu akitoka kazini kabla ya kutimiza mwaka, naye ametumika miezi 2 au zaidi, hudai siku zake kwa kipimo hicho. Tuseme mfanyakazi wa shamba la maua ametumika miezi 8, naye hakuchukua likizo hata siku moja. Miezi 8 ni siku 14. Ikiwa mshahara wake wa siku ni Shs. 600, basi anadai Shs. 8,400. Fedha hizo si zawadi ya mwajiri. Amekwisha kuzitolea jasho.

Hata hivyo, likizo ina wakati wake. Mwajiri aweza kuigawa sehemu sehemu, ila mfanyakazi akubali. Na isipokuwa wamepatana vingine, sehemu moja iwe ya majuma mawili ya kazi yasiyokatwa. Sehemu hiyo ichukuliwe ndani ya mwaka wenyewe, na siku zilizobaki zichukuliwe kabla ya miezi 18 kupita tangu mwisho wa mwaka huo. Kwa hiyo anayezirundika siku za miaka mitano akingoja siku ya kuacha kazi, ajitayarishe kubishana.

Pengine mwajiri naye ana sababu. Mashamba ya maua ya Naivasha hupata kazi nyingi kabla ya tarehe 14 Februari, siku ambayo watu wa Ulaya hununua maua mengi, na si rahisi kuwaruhusu wengi kwa pamoja. Lakini kazi nyingi yaweza kuiahirisha likizo, haiwezi kuifuta. Mwajiri mwenye busara hupanga zamu mapema, maana siku zisizochukuliwa ni deni linaloongezeka, na dawa ya deni ni kulipa.

Basi mfanyakazi afanye nini? Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Aombe likizo kwa maandishi, naye ajiwekee nakala. Akikataliwa, aombe jibu la maandishi na tarehe nyingine. Aandike katika daftari lake siku alizochukua na zilizobaki, wala asitie sahihi karatasi isemayo amekwenda likizo, hali alikuwa kazini. Ausome mkataba wake, na mapatano ya chama pia, kwa kuwa yaweza kumpa siku zaidi ya 21. Wafanyakazi wa mashamba wana chama chao, KPAWU, ambacho makao yake makuu yako Nakuru. Jambo likishindikana, amwendee Afisa wa Kazi. Na mwisho iko Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo hukaa Nakuru pia. Asikawie, maana shauri la mkataba wa kazi halipokelewi baada ya miaka 3.

Na sasa, msomaji, chukua kalamu. Andika mwezi ulioanza kazi, hesabu miezi uliyotumika, uizidishe kwa siku moja na robo tatu, kisha toa siku ulizokwisha kupumzika. Hesabu inayobaki ni yako. Kesho, kabla ya kengele ya kazi kulia, mwulize karani kama daftari lake lasema hivyo hivyo.