Mkubwa Asiye na Cheo Hujulikanaje?

Si kila kiongozi amewekwa na serikali. Katika kundi lolote yuko mmoja anayefuatwa bila cheo. Twamjuaje? Neno gumu likitokea, macho ya wote humgeukia yeye. Akinena, hata kwa sauti ndogo, wengine hunyamaza. Akifika, mtu humwachia kiti.

Katika msitu wetu wa Ituri, Wambuti hawana desturi ya kutawaliwa na sultani. Mwingereza Colin Turnbull, aliyekaa nao Epulu, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1961 habari za mwindaji Cephu. Huyu alitandaza wavu wake kwa siri mbele ya nyavu za wenzake. Aliporudi kambini hakuna aliyemwachia kiti, hata kijana. Akajidai kuwa mkubwa, wakamkatalia. Kiti kilikuwa kimekwisha kutoa hukumu.

Lakini tujihadhari: kunyamaza kwaweza kuwa heshima, kwaweza kuwa woga. Mtazameni mtu akiisha kuondoka. Watu wakilishika neno lake, ni heshima. Wakilitupa, ilikuwa woga.

Maulizo
1. Neno gumu likitokea, kundi lenu humtazama nani?
2. Cephu alinyimwa kiti kwa sababu gani?
3. Twatofautishaje heshima na woga?