Kwanza Orodha, Kisha Programu



Naomba nafasi kidogo niwaeleze somo nililolipata kwa hasara. Mimi nakaa Nakivale, wilaya ya Isingiro. Tunayo kompyuta mpakato moja ya kujifunzia, nayo yaendeshwa na Ubuntu, mfumo ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Kwetu intaneti ni ghali, kwa hiyo kompyuta ile ilikaa miezi mingi bila kuunganishwa.

Mtihani ulipokaribia, wenzangu walichanga fedha wakanituma Mbarara nikaitilie GeoGebra, programu ya kuchora grafu. Nilipofika nikalipia saa mbili za intaneti, nikaiamuru kompyuta ilete programu. Ikajibu: 404 Not Found, yaani kitu hakipo. Nikarudia tena na tena hata saa zikaisha. Chini ya jibu lile palikuwa na shauri, lakini kwa haraka sikulisoma.

Nilirudi mikono mitupu. Watahiniwa walikuwa wakiningoja mlangoni. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililonitia aibu zaidi. Usiku ule nikasoma.

Kosa lilikuwa nini? Kompyuta haitafuti programu kwa kubahatisha. Ina orodha yake, katika /var/lib/apt/lists, ionyeshayo kila kifurushi, toleo lake na mahali kilipo ghalani. GeoGebra hutegemea Java, na Java hurekebishwa mara kwa mara ili kuziba mianya ya wezi. Toleo jipya liingiapo ghalani, lile lililorekebishwa kabla yake huondolewa. Orodha yangu ya zamani ilikuwa ikiomba kitu kilichokwisha ondolewa. Ni kama mtu aendaye sokoni na orodha ya mwaka jana, akiulizia duka lililokwisha hama.

Basi, fuateni utaratibu huu:

1. Tazama saa na tarehe ya kompyuta. Zikiwa zimerudi nyuma, orodha mpya yaweza kukataliwa.

2. Andika: sudo apt update. Amri hii huleta orodha mpya tu. Haibadilishi programu hata moja. Wengi hudhani imekwisha rekebisha kila kitu, kumbe sivyo.

3. Andika: sudo apt upgrade. Sasa programu ulizo nazo hupata marekebisho. Ikiwa fedha ni chache, hatua hii yaweza kungoja siku nyingine, lakini isisahauliwe.

4. Ndipo uombe programu mpya: sudo apt install geogebra.

Juma lililofuata nilikwenda Mbarara tena, safari hii kwa nauli yangu mwenyewe. Nikaanza na orodha, na saa moja haijaisha GeoGebra ilikuwa tayari. Jioni ile watahiniwa walichora grafu zao za kwanza.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: hata daftari lisiloandikwa upya hupoteza mali.