Kupanga Tasnifu ya Teknolojia ya Programu: Mfano wa Soko la Gakoromone, Meru

Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna mwanafunzi wa uzamili katika teknolojia ya programu anavyoweza kuipanga tasnifu yake. Hoja inayotetewa ni kwamba tasnifu ya aina hii husimama au huanguka kwa swali lake, wala si kwa programu inayoundwa. Na kwamba, katika mazingira ya Afrika Mashariki, swali hilo mara nyingi huwa la lugha. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili naye anahusika.

Mfano unaotumiwa ni soko la Gakoromone katika mji wa Meru, ambako mazao ya miteremko ya Mlima Kenya, kama vile ndizi, viazi na maharagwe, huuzwa kwa Kimeru na kwa Kiswahili. Nje ya mji huo, huko Nchiru, kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Masafa kati ya darasa na soko si marefu. Kazi ni kuyavuka.

Kutoka Mada hadi Swali

Ichukuliwe kuwa mwanafunzi anapendekeza kuunda programu ya simu itakayowasaidia wachuuzi wa Gakoromone kuweka kumbukumbu za mauzo. Mada hiyo inavutia, lakini haijawa swali. Msimamizi akiuliza, "Programu hii ikimalizika, tutajua nini ambacho hatukijui leo?", mwanafunzi asiyejiandaa hubaki kueleza jinsi programu itakavyofanya kazi. Programu ni chombo. Tasnifu ni ujuzi unaopatikana kwa kukiunda na kukipima chombo hicho. Hevner na wenzake walilisisitiza jambo hili mwaka 2004 walipoeleza kanuni za utafiti wa usanifu: chombo kiundwe kwa ajili ya tatizo lililo muhimu, na ubora wake uthibitishwe kwa vipimo madhubuti.

Historia ya M-Pesa ni funzo zuri. Majaribio yake yalipoanza nchini Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa kuwawezesha wakopaji kulipa mikopo midogo midogo kwa simu. Watumiaji wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Waundaji waliyazingatia matumizi hayo, na huduma ilipozinduliwa rasmi mwezi Machi 2007, kutuma fedha ndiko kulikotangulizwa. Laiti wangeng'ang'ania mpango wa awali, wangeunda chombo kinachojibu swali lisiloulizwa na watu.

Kwa mwanafunzi wa mfano wetu, swali linaweza kuwa hili: je, programu inayopokea Kiswahili kama kinavyoandikwa na wachuuzi hupunguza makosa ya kumbukumbu, ikilinganishwa na ile inayomlazimisha mchuuzi kuchagua maneno kwenye orodha? Swali hili lina jibu la ndiyo au la, na majibu yote mawili yana faida.

Lugha ya Soko na Lugha ya Tarakilishi

Ugumu wa swali hilo hujitokeza katika mambo matatu. La kwanza ni vipimo. Neno "gunia" si kipimo kimoja. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake na kuongezewa kilemba, limekuwa kilio cha wakulima wa viazi kwa miaka mingi, hata kanuni za mwaka 2019 zikaweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia la viazi. Programu inayoandika "gunia 1" bila uzito huificha dhuluma badala ya kuifichua. Mwanafunzi akikosea hapa, chombo chake kitamtumikia dalali dhidi ya mkulima.

La pili ni saa. Mchuuzi akiandika kwamba mzigo umefika "saa mbili asubuhi", ana maana ya wakati ambao tarakilishi huuandika 8:00. Programu isiyojua hesabu ya saa ya Waswahili itauweka mzigo huo saa nane za usiku, na kumbukumbu yote ya siku itavurugika.

La tatu ni mofolojia. Katika neno "hawatakuuzia" mna ukanushi (ha-), nafsi (wa-), njeo (-ta-), yambwa (-ku-), mzizi (-uz-), kauli ya kutendea (-i-) na kiishio (-a). Mzizi mmoja huzaa maumbo mengi mno kuorodheshwa katika kamusi ya kawaida. Programu inayotafuta neno zima katika orodha haitalipata. Yahitaji kanuni za kulichanganua. Kanuni hizo ndizo anazojifunza mwanafunzi wa Kiswahili katika somo la sarufi.

Kazi za Waliotangulia

Mapitio ya maandishi humzuia mtafiti kuvumbua upya kilichokwisha kuvumbuliwa. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Finland alibuni mofolojia ya viwango viwili. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliitumia nadharia hiyo kuuchanganua mofolojia ya Kiswahili katika mradi wa SALAMA, ulioanza mwaka 1985. Mwaka 2006, De Pauw, de Schryver na Wagacha walionyesha jinsi tarakilishi inavyoweza kufunzwa, kwa kutumia data, kuyatambua makundi ya maneno ya Kiswahili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilishiriki katika mradi wa Kilinux, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Kuhusu biashara ya mazao, huduma ya M-Farm ilianzishwa nchini Kenya mwaka 2010 ili kuwapa wakulima bei za soko kwa ujumbe mfupi.

Pengo linaonekana. Matini zilizotumiwa katika uchanganuzi wa Kiswahili zilitoka kwa kiasi kikubwa katika magazeti na vitabu. Kiswahili cha ujumbe wa mchuuzi, chenye vifupisho na maneno ya Kimeru, ni kingine. Hapo ndipo tasnifu inapopata nafasi yake.

Mbinu, Maadili na Muda

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hatua ya kwanza ni kukaa sokoni na kuona jinsi kumbukumbu zinavyowekwa sasa, iwe daftarini au kichwani, kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa programu. Hatua ya pili ni kukusanya jumbe kwa ridhaa ya wenyewe. Sehemu ya jumbe hizo itengwe mapema na isiguswe hadi siku ya kupima. Programu iliyopimwa kwa data ileile iliyofunzwa nayo hujisifu bure.

Daftari la madeni lina majina ya watu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahusika, pamoja na leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi. Maombi ya leseni yaanze mapema. Katika ratiba, kuunda programu kusimeze muda wote. Kupima na kuandika vyahitaji angalau muda ulio sawa na huo.

Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba mpango bora wa tasnifu huanza na swali linaloweza kujibiwa, hupitia kwa watu wanaohusika, na huishia katika kipimo cha haki. Yameonyesha pia kwamba gunia, saa na kitenzi ni masuala ya lugha kabla ya kuwa masuala ya tarakilishi. Inapendekezwa kwamba idara za Kiswahili na za tarakilishi zishirikiane kusimamia tasnifu za aina hii. Mwanafunzi wa Kiswahili asingoje kuitwa mwishoni kutafsiri vitufe vya programu iliyokwisha kuundwa. Nafasi yake ni mwanzoni, swali linapotungwa.